Unataka Matumbawe kwa Tangi Ukiwa Iguhu? Soma Hii Kabla Uchome Doh ya Chama

Wiki tatu zimepita tangu cuzo wangu anitumie video ya TikTok saa sita usiku. Ni tangi ya maji chumvi, taa ya bluu, vitu za kijani na zambarau zinacheza ndani kama zimewekewa gengetone. Chini akaandika: "Buda, hii nataka kwa kinyozi. Ninunue gani?"

Cuzo ako na kinyozi hapo Iguhu, karibu na soko. Viti mbili, kioo mrefu, TV ya kuangalia Premier League. Wateja wako, lakini kuna msee amefungua ingine ng'ambo ya barabara na ameweka PlayStation, na maboyz wameanza kuhama. Sasa cuzo anataka kitu hakuna mtu ako nayo kutoka Khayega mpaka Musoli. Zamu yake ya chama imefika mwezi huu, na alikuwa ameamua doh yote iende kwa tangi. Yote. Ako na mtoto anaingia PP1 Januari.

Nilimwambia atulie kwanza. Mimi niliacha college mwaka wa pili, na job yangu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kuosha matangi kwa duka moja ya samaki wa urembo Nairobi. Nilikaa huko miezi nane. Nimeona watu wakinunua tumbawe Ijumaa likiwa na rangi zote, halafu Jumatano wanarudi wamebeba kajiwe keupe kwa karatasi ya nailoni wakiuliza mbona. Hako kajiwe ni mifupa. Mwenyewe alishadedi.

So hii nimeandikia cuzo, na wewe pia kama video kama hizo zimekukamata.

Kwanza kabisa, matumbawe, zile coral, si mimea na si mawe. Ni wanyama. Kila tumbawe ni mkusanyiko wa vinyama vidogo vinaitwa polipu, na kila polipu iko kama kikombe chenye mdomo juu na mikono imezunguka mdomo. Ndani ya ngozi yao wanaishi mwani wadogo huwezi kuona na macho. Hao mwani hupika chakula kutumia mwanga, halafu wanampea mwenye nyumba sehemu kubwa sana. Ni kama landlord ambaye wapangaji hawalipi rent, wanamletea ugali kila siku. Na wao ndio wanampea rangi nyingi unaona.

Shida huanza landlord akistress. Maji yakipata joto sana, au mwanga ukibadilika ghafla, anafukuza wapangaji wote. Anabaki mweupe, na wasiporudi haraka anakufa njaa. Hapa kwetu ilitokea 1998, El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi moto. Miamba ya Malindi, Watamu, mpaka Kisite ikageuka nyeupe na matumbawe mengi yakakufa. Na haikuhitaji maji yachemke. Digrii moja juu ya joto la kawaida la msimu wa jua, ikikaa wiki kadhaa, inatosha kumaliza mwamba umejengwa miaka mia.

Sasa kama bahari nzima inaeza lemewa na digrii moja, fikiria ndoo yako ya lita 100 pale Iguhu.

Na hapa ndio video inakudanganya. Inakuonyesha rangi, so unachagua na rangi. Chagua na kitu dhaifu zaidi kwa nyumba yako. Ya cuzo ni tatu: baridi ya usiku, stima, na maji.

Iguhu iko juu kidogo, kama mita 1,430 mpaka 1,580 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua inawaka fiti, lakini usiku inaeza shuka mpaka digrii 14 hivi. Tumbawe linataka maji ya digrii 24 mpaka 27, usiku na mchana, Krismasi na Pasaka. Kwa hivyo hita si ya urembo, itafanya kazi karibu usiku wote. Halafu stima. Mvua kubwa ya jioni ikipiga Kakamega, unajua venye huwa. Taa zikipotea tumbawe halijali sana, hata baharini kuna siku za mawingu. Kinachouma ni pampu kusimama. Maji yakisimama, oksijeni inaanza kuisha ndani ya masaa machache, na hita ikiwa imezima joto linateremka polepole. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile ya wavuvi, na blanketi ya kufunika tangi, zinaeza kukuokolea usiku mzima. Nunua hizo kabla ya tumbawe lolote. Sijokingi.

Tukijua hivyo, sasa tuongee aina.

Wasee wa hii game hugawa matumbawe mafungu matatu. Kuna laini. Kuna magumu ya polipu kubwa, wanaita LPS. Na kuna magumu ya polipu ndogo, SPS. Hayo magumu hujenga mifupa ya chokaa, laini hayajengi. Tofauti hiyo moja ndio inaamua karibu kila kitu, ju msee akijenga nyumba ya chokaa lazima ale kalsiamu kutoka kwa maji kila siku, na ni wewe utakuwa unairudisha.

Cuzo alipenda SPS, obviously. Ile ya matawi ya zambarau kwa video inaitwa Acropora. Ndio hiyo imejenga sehemu kubwa ya miamba duniani na ndio hiyo hufa kwanza. Inataka taa kali sana, maji yanayokimbia kutoka pande tofauti, kalsiamu kati ya 400 na 450 kwa kipimo, na alikalini isiyoyumba. Alikalini ndio nguvu ya maji ya kukataa kugeuka asidi, na tumbawe huitumia kujenga mifupa. Wengi huiweka kati ya 8 na 9. Ikiruka kutoka 8 mpaka 10 kwa siku moja, Acropora inaeza anza kuvuka ngozi kutoka chini, na kesho yake uko na mifupa. Nimeona tangi ya mtu tajiri, mashine za kupima kila kitu, jenereta nje, na bado ikamada ju aliyeachiwa kuangalia aliongeza dawa mara mbili. Kwa kinyozi yenye soketi moja inashikilia clippers, TV na kettle? Hapana bro. Montipora ni rahisi kidogo kuliko Acropora, lakini hiyo ni kusema nduthi ni salama kidogo kuliko nduthi bila breki.

LPS ziko katikati. Kuna moja inaitwa hammer ju ncha za mikono yake zimekaa nyundo, kuna torch yenye mikono mirefu inapeperuka, kuna candy cane ambayo ni vichwa vidogo vya kijani juu ya vijiti. Hizi zinataka taa ya kati na maji yanayosonga kwa upole. Zinavumilia makosa madogo. Ukitaka moja ya LPS baada ya miezi sita hivi, anza na candy cane. Lakini usidhani ni maua. Hizi vitu hupigana. Usiku torch inatoa mikono mirefu zaidi, ina sumu, na jirani yoyote aliye karibu anachomwa. Acha sentimita 15 kati yake na mwenzake, na hata zaidi kama maji yanaielekeza upande mmoja. Wasee wengi hupanga tangi kama duka la viatu Muthurwa, kila kitu kimekanyagana, halafu wanashangaa.

Sasa laini. Hapa ndio ningetaka cuzo akae, na nitakaa hapa kidogo pia.

Kuna zile zinaitwa uyoga, ju zimekaa uyoga umeshikana na jiwe. Hazina mifupa, zinapenda taa ya chini, hazipendi maji ya fujo. Ukizisahau kidogo hazikasiriki. Nyekundu, bluu, kijani, na zinaongezeka zenyewe. Kwa mtu anaanza, sijaona mnyama mpole kuliko huyu.

Kuna ya ngozi, Sarcophyton, imekaa kiti kidogo chenye nywele juu. Hii iko na drama moja lazima nikuambie mapema: mara kwa mara inajifunga, inakuwa na kitu kama nta juu yake, inakaa hivyo siku kadhaa mpaka wiki. Wateja walikuwa wanapiga simu wakilia. Haijakufa. Inavua ngozi ya zamani. Wewe ongeza tu mwendo wa maji ili hiyo nta itoke na uwache kuishika. Kitu ingine, matumbawe ya ngozi hutoa kemikali kwa maji kufinya majirani, especially magumu, so weka kaboni kwa kichujio.

Na kuna hii nayo ilinichekesha siku ya kwanza kazini. Kwa maduka ya nje, Marekani na Uingereza, kuna tumbawe laini linauzwa kwa jina "Kenya tree". Capnella, kwa jina la kisayansi. Limekaa mti mdogo wa kijivu au pinki, matawi yake yanapepea. Sisi Wakenya wengi hatujawahi liona. Ni gumu kuua hadi watu hulalamika. Likijiskia linaangusha tawi, tawi linashika jiwe lingine, na baada ya miezi kadhaa uko na shamba. Kama cuzo anataka kitu cha kuambia wateja story, hii hapa. Mti wa Kenya, umekaa Iguhu, kilomita zaidi ya 800 kutoka baharini.

Xenia inapunga mikono, inafungua na kufunga ngumi kama imeshikwa na beat. Ndio ilikuwa inacheza kwa ile video. Inavutia macho kuliko zote, na ndio sababu mtu akiingia kinyozi ataishika simu. Lakini inakua kama gugu. Iweke kwa jiwe lake peke yake, mbali na mengine, ama baada ya mwaka itakuwa landlord wako.

Kuna moja ya mwisho kwa kundi la rahisi, na hapa nataka usome polepole. Zoanthid. Ni vifungo vidogo vya rangi, kila kimoja kama jua. Zinatunzika kirahisi na zinapendwa sana. Lakini baadhi yake, hasa ndugu zao wanaoitwa Palythoa, ziko na sumu inaitwa palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana kwa viumbe. Ukizigusa kwa glavu hakuna noma. Shida ni mtu akichemsha jiwe lenye hizo vitu ili kulisafisha, au kulisugua na brashi kavu, au kumwagia maji moto. Sumu inapanda na mvuke. 2018 Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya mmoja wao kusafisha tangi yake nyumbani, na polisi waliokuja kusaidia pia wakaenda kuangaliwa. Kwa chumba cha kinyozi chenye dirisha moja na watoto wanangoja kunyolewa, mimi nimemwambia cuzo aziache kabisa. Kuna rangi zingine duniani.

Maji sasa. Hapa ndio tulibishana karibu block.

Cuzo: "Si Kakamega kuna mvua mob? Nikinge tu." Kweli mvua iko, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini inapitia mabati, na mabati yamepakwa zinki. Zinki na shaba ni sumu kwa matumbawe hata zikiwa kidogo sana. Basi ya kisima? Iguhu iko Ikolomani, ukanda wa dhahabu. Watu wamechimba huku tangu miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo hadi leo hutumia zebaki kushika dhahabu. Maji ya mto au kisima karibu na mashimo sitaki kuyaona kwa tangi. Ya mfereji nayo iko na klorini, na mara nyingi fosfeti na naitreti ambazo zinalisha mwani mbaya.

Inayobaki ni maji yaliyochujwa kwa RO. Machine yake hutupa lita tatu au nne kupata moja safi, so hayo ya kutupwa osha nayo taulo. Ama enda kwa wale wanauza maji ya kujaza mtungi Kakamega town, wengi wanatumia RO. Ila wengine wanarudisha madini ndani ili yawe na ladha. Beba kipimo cha TDS, kale kadude ka kalamu. Kikisoma karibu na sifuri, chukua. Kikisoma 80, kunywa, usiweke kwa tangi. Na ukiweka akiba kwa drum, ifunike. Iguhu watafiti wamesomea malaria miaka mingi, usiwaongezee kazi.

Kwa hayo maji unaongeza chumvi maalum ya akwariamu. Si ile ya jikoni. Ya jikoni ni sodiamu kloraidi na madini joto, haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Hesabu: gramu 36 hivi kwa lita. Tangi ya lita 100 itakula kama kilo 3.6 kuijaza. Kila wiki ukibadilisha lita 10, ni gramu 360, so kama kilo moja na nusu kwa mwezi. Na hii shika sana: maji yakipungua kwa sababu yamekauka, rudisha maji matupu bila chumvi. Chumvi haipai hewani. Duka letu lilipoteza tangi nzima hivyo, mtu mpya aliongeza maji chumvi wiki mbili mfululizo. Huyo mtu mpya alikuwa mimi.

Stima pia tulipiga hesabu. Taa ya wati 60 masaa tisa, hita ya wati 100 ikifanya kazi nusu ya siku, pampu za wati 20 mchana na usiku. Inakuja kama unit 2.2 kwa siku, 67 kwa mwezi. Kama kinyozi yako iko chini ya unit 30, ile bei ya chini, sahau, unatoka hapo wiki ya pili. Ongeza clippers na TV, unakaribia 100, na huko juu bei inapanda tena. Ungekuwa na SPS, taa peke yake ingekuwa mara mbili au tatu. Cuzo alinyamaza kidogo hapa.

Kuhusu mahali pa kununua. Kuna wasee watakuambia wanaeza kutolea tumbawe Shimoni au Watamu wakutumie na basi. Kataa. Kwa marine park za KWS hutoi kitu, hata ganda. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Matumbawe yote magumu yako kwenye orodha ya CITES, so hata ukiagiza kutoka nje lazima yawe na kibali, na muuzaji wa ukweli hatanuna ukiuliza karatasi. Pia kuna watu Wasini, kule Kwale, wanavunja vipande vidogo vya matumbawe na kuvipanda upya kwenye fremu chini ya maji ili mwamba urudi. Wanakaa miaka kwa hiyo kazi. Halafu mtu aje na nyundo usiku ndio kinyozi iwe na rangi? Zii.

Habari njema ni kwamba hiyo style ya kukata vipande inafanya kazi hata kwa tangi. Laini ikikua, unakata tawi na kiwembe kisafi, unaligandisha kwa jiwe na super glue ya gel, na umepata lingine. Ndio maana unaeza nunua vipande vidogo vilivyokuzwa kwa tangi ya mtu mwingine badala ya kichwa kizima. Vinakuwa vya bei ya chini na vimeshazoea maisha ya ndani.

Fundi wa vioo wa huko anaeza kutengenezea tangi, lakini mwangalie silikoni anatumia. Ile ya bafu yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua. Na usipeleke tumbawe hapo siku tangi imejaa. Weka mawe, maji chumvi, pampu, hita, halafu ungoje wiki nne mpaka sita bakteria wazae na wamalize amonia. Wengi hufeli hapa tu, kwa haraka.

Cuzo aliniuliza kama kuna kitu rahisi zaidi ya hii yote. Kiko. Fulu wa Ziwa Victoria, wale wadogo wa rangi, maji ni ya kawaida, na Kisumu ni kama kilomita 50. Akasema fulu anajua, ni mboga. Haya.

Mwishowe chama ililipa. Nusu ya doh imebaki kwa akaunti ya mtoto. Nusu imenunua tangi ya lita 100, hita, pampu ya betri, kipimo cha TDS na kilo nne za chumvi. Matumbawe ameagiza matatu tu: uyoga mwekundu, ya ngozi moja, na kipande cha Kenya tree urefu wa kidole. Hayajafika. Leo ni siku ya 19 ya kungoja bakteria, so kwa sasa kwa tangi kuna mawe, maji, na taa ya bluu. Jana alinitumia video ingine. Ni wateja wanne wamekaa kwa benchi, wameacha TV, wanaangalia mawe.